Nyumbani, bweni au kutwa: sisi watatu wa mama mmoja na vile kila mtu alitokea

Kila mwaka ikifika Novemba simu yangu haitulii. Binamu, majirani wa zamani, mama mmoja wa kanisa ambaye hata jina lake silikumbuki vizuri, wote wana swali moja, wewe si ndo ulisomeshwa nyumbani, ilikuwaje, na mimi huyu wangu nimpeleke wapi Januari. Nimejibu kwa voisi za dakika saba saba mpaka nimechoka, wacha niandike mara moja.

Kwetu Nakuru tulizaliwa watatu. Dada yangu mkubwa aliingia bweni akiwa darasa la tano. Mimi nilikuwa na pumu ya kulazwa, kila muhula nakosa wiki tatu nne, mpaka mama ambaye alikuwa mwalimu wa primari akaacha kazi 1996 akanikalisha kwa meza ya kulia chakula na vitabu, na hapo nikakaa. 2001 biashara ya baba ikaanguka, mama akarudi kazini, mimi nikabaki nasoma peke yangu mchana na jioni anasahihisha, na mdogo wetu aliyekuwa anaanza darasa la kwanza akapelekwa shule ya kutwa iliyo karibu na stage. Mama mmoja, baba mmoja, ugali ule ule, njia tatu. Sai dada ana 41, mimi 37, kijana 31. Watu watatu si utafiti, hilo najua, lakini hii mambo tumeibishania Krismasi nyingi sana.

Wazazi wengi wakilinganisha wanaangalia alama. Mi naangalia kitu kingine, yaani mtu alilazimika kujifunza nini akiwa mkubwa, kwa aibu, kwa sababu hakukipata akiwa mdogo. Naita hilo deni. Kila njia kati ya hizi tatu inamwachia mtoto deni lake na hakuna hata moja isiyoacha, kwa hivyo swali lenye maana ni nyinyi kama familia mtaweza kulipa deni gani.

Nitakavyopima

Vitu vitano kwa kila njia: makaratasi (vyeti na milango vinayofungua), watu, kujipanga, lugha, na vile mnaishi na wazazi mkishakuwa watu wazima. Pesa nimeiweka mwisho manake kwa nyumba nyingi inaamua kabla hata mjadala kuanza.

Sheria kwanza, tusidanganyane. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule ama taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri. Mzazi asiyefanya hivyo ana kosa, na kusomea nyumbani hakujawekewa njia yake iliyo wazi. Kuna familia zinafanya hivi miaka na miaka bila shida na kuna wazazi wameishia kortini. Ukianza, anza na wakili ama na familia ambazo zishapita huko, usianze na video za Marekani. Kule ni halali katika majimbo yote 50 na Texas hata hujisajili popote. Walio Uingereza pia wanaruhusiwa. Walio Ujerumani sahauni kabisa, huko mtoto lazima aende shule.

Nyumbani

*Makaratasi.* Hapa ndo deni langu kubwa. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, niliifanyia shule ya jirani iliyokubali kunisajili, KCSE ya kidato cha nne nikafanya kama mtahiniwa wa kibinafsi nikiwa na miaka 19. Kemia nilikuwa naijua, milinganyo yote kichwani, lakini bureti, ule mrija wa maabara wa kupimia majimaji, nilishika mara ya kwanza miezi mitatu kabla ya mtihani, kwa chuo cha tuisheni mjini, nikiwa na vijana wanaorudia mtihani ambao walinicheka vile nilikuwa naishika kama glasi ya kupima homa. Nyumbani unaweza kusoma chochote isipokuwa vitu vinavyohitaji maabara, na hilo mama hakulifikiria mpaka tumechelewa.

Halafu kuna fomu. Kazi ya kwanza niliyoomba fomu ilikuwa na "shule ya msingi uliyosoma" na "shule ya sekondari uliyosoma", nikaweka kistari. Jamaa wa ofisi akaniuliza kama nilikuwa nimefungwa. Alikuwa anatania, nadhani.

Siku hizi familia nyingi zinazosomesha nyumbani zinatumia ama ACE, ule mtaala wa vijitabu ulioanzia Texas 1970 ambao mtoto anaenda kwa mwendo wake, ama mtaala wa Cambridge wa Uingereza halafu anafanya mtihani wao wa IGCSE. Zote ni njia halisi, ila mtoto akitaka chuo ama kazi ya serikali hapa cheti hicho lazima kilinganishwe na KCSE kwanza, na hiyo ni safari, ianze mapema. Na CBC, huu mtaala mpya wa Kenya, imebadilisha hesabu kuliko watu wanavyojua. Enzi ya mfumo wa zamani wa 8-4-4 ungeweza kutokea siku ya mtihani na ukawa sawa na wengine. Sasa alama ya KPSEA, ile ya gredi 6, 60% inatoka kwa tathmini za shuleni za gredi 4, 5 na 6, mtihani wenyewe ni 40%. KJSEA ya gredi 9 nayo inabeba 20% ya KPSEA na 20% ya tathmini za gredi 7 na 8. Mtoto ambaye hakuwa shuleni hiyo miaka, hizo alama zitatoka wapi? Uliza hilo swali kabla hujamtoa, usiulize akiwa gredi 6.

*Watu.* Nikiwa na miaka kumi ningeongea na mtu mzima yeyote, pasta, fundi wa sofa, karani wa benki, bila kutetemeka. Wageni walikuwa wanamwambia mama ati huyu mtoto ana akili ya mzee. Kumbe shida ilikuwa upande wa pili. Watoto wa rika langu sikuwajua. Sikuwa nimewahi kutaniwa. Ofisini, kazi ya kwanza, wenzangu walinipa jina la utani, nikaandika barua pepe ya kurasa mbili kwa bosi nikilalamika ninadhulumiwa, bosi akaniita akaniambia kwa upole, wewe, wanakupenda. Nilikuwa na miaka 24.

Lakini iliyoniuma kweli ni matanga ya baba. Darasa la kidato cha nne la dada lilikuja na basi nzima, tena mchango wao ulikuwa umeshaingia Mpesa kabla hata hatujapanga kamati. Vijana wa mtaa waliosoma na mdogo wetu ndo walichimba kaburi, wakakesha kwa moto, wakabeba maji. Mimi walinijia watatu, na wawili kati yao ni binamu. Sina grupu ya WhatsApp ya darasa. Hakuna siku itafika niitwe kwa mkutano wa waliosoma pamoja. Hii kitu haionekani mtoto akiwa na miaka tisa na anasoma vitabu vinne kwa wiki, inaonekana siku ya msiba.

*Kujipanga.* Hapa nimewashinda wenzangu wote wawili na sioni haya kusema. Nipe kazi, nipe tarehe, nenda, utaikuta. Kuanzia miaka 13 nilikuwa peke yangu na vitabu kutoka asubuhi, hakuna wa kuniambia fungua ukurasa wa 40. Machi 2020 shule zilipofungwa sababu ya korona na kila nyumba inahangaika na watoto, dada alinipigia kuniuliza ratiba ya siku inapangwaje. Deni lake ni kwamba haraka ya watu wengine inanichanganya, foleni, kengele, mkutano wa saa mbili kamili, na nikiambiwa fanya hivi nauliza kwa nini, sio kwa ubishi, ndo nilivyozoea kufundishwa. Kuna wakubwa wa kazi wanaolipenda hilo swali na kuna wanaokufuta nalo.

*Lugha.* Masomo yalikuwa Kiingereza na nyumbani tuliongea Kikuyu na Kiingereza, Kiswahili mama alikiweka Ijumaa mchana tukiwa tumechoka. Sheng sikuwa nayo kabisa. KCSE Kiswahili ni lazima, na nilipofungua karatasi ya fasihi nikaona kama nasoma barua ya mtu mwingine. Kiswahili hiki unachosoma nilikijenga ukubwani, kwa redio, kwa kondakta wa matatu na kwa mke wangu ambaye ni wa Likoni na bado ananisahihisha ngeli.

*Wazazi.* Tuko karibu sana na mama, karibu kupita kiasi. Mwalimu akiwa ni mama, ukifeli hesabu umemfelisha mama, halafu jioni unakula naye. Mwenzangu wa kutwa alikuwa anakuja kulalamika juu ya mwalimu nyumbani, mimi ningelalamika wapi? Mpaka leo sinunui friji bila kumpigia. Naye mama alilipa, watu hawasemi hili: miaka mitano bila mshahara, na aliporudi aliokuwa nao wamekuwa manaibu wa mwalimu mkuu, yeye anaanza kupanda upya.

*Inamfaa nani.* Mtoto mgonjwa, mtoto anayesoma kwa kasi tofauti sana na darasa (juu ama chini), familia inayohama hama, na nyumba yenye mtu mzima mmoja ambaye kweli yupo mchana, ana subira, na anajua kuomba msaada kwa somo asiloliweza. Ukikosa huyo mtu mzima, kitabu kizuri hakitakuokoa.

Bweni

*Makaratasi.* Safi. Dada hajawahi kuulizwa mara mbili alisoma wapi, na akitaja tu shule mlango unafunguka nusu. Maabara ilikuwepo, mwalimu wa kila somo alikuwepo, prepu ya usiku ilikuwepo hata kama stima imepotea.

*Watu.* Ule utajiri wa basi la matanga. Pia anajua kuishi na yeyote, amelala chumba kimoja na watu arobaini. Lakini muulize kidato cha kwanza kilikuwaje. Mono, yaani mgeni wa kidato cha kwanza, alikuwa anafua nguo za watu, anaimbishwa usiku, sukari inaibwa na sanduku lina kufuli. Mpaka leo dada anakula kana kwamba kengele iko karibu kulia, sahani imeisha wewe hujaonja mboga, na ana biskuti zimefichwa kabatini kwake mwenyewe, kwa nyumba yake mwenyewe, na anajua ni ujinga.

*Kujipanga.* Saa kumi na nusu asubuhi yuko macho, hata Jumapili. Ila ratiba ilikuwa ya kengele, haikuwa yake. Mwaka wa kwanza chuo kikuu, hakuna kengele, hakuna prifekti, akapotea. Alirudia masomo mawili. Anasema wengi wa darasa lake ilikuwa hivyo hivyo, mtu aliyekuwa wa kwanza shuleni analala mpaka saa sita mchana.

*Lugha.* Kiswahili, Sheng, na Kijaluo cha kutosha alichofundishwa na mwenye kitanda cha juu. Kikuyu chake ndo kikadumaa, cucu, nyanya yetu, alikuwa anamcheka.

*Wazazi.* Alikuwa anakuja nyumbani kama mgeni, tunampikia kuku. Vitu vikubwa vya usichana aliambia matron kabla ya mama. Wamekuwa marafiki na mama juzi tu, dada alipojifungua mtoto wa kwanza, na mama huwa analisema hilo akiwa ametazama pembeni.

Kuna na usalama, siwezi kuuruka. Septemba 2024 bweni la shule ya msingi Nyeri liliungua na wavulana 21 wakafa. Tanzania wao 2023 walizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne. Ukienda kuangalia shule, usiangalie maua ya getini, omba uonyeshwe wanapolala: milango mingapi, inafunguka kwenda nje, madirisha yana vyuma, vitanda vimebanana kiasi gani. Shule ikikataa kukuonyesha bweni ushapata jibu.

*Inamfaa nani.* Kijana wa sekondari aliyekomaa kiasi na anayetaka mwenyewe, nyumba yenye vurugu ama isiyo na nafasi ya kusoma, na anayetaka masomo ambayo shule za karibu hazina. Kwa mtoto wa darasa la tano, mi na dada tunakubaliana, na hatukubaliani kwa mengi, kwamba ni mapema.

Kutwa

Hii ndo njia ya watoto wengi na ndo hakuna mtu anaiandikia chochote, kama chai.

*Makaratasi.* Yapo yote, tatizo ni ubora wa shule iliyo karibu nawe. Kijana wetu alikuwa na shida ya kusoma ambayo iligunduliwa akiwa darasa la sita, darasani walikuwa zaidi ya hamsini na nyumbani sote tumechoka. Mimi kwa meza ya mama ningegunduliwa wiki ya pili.

*Watu.* Mtaa mzima ni wake. Fundi, boda, askari wa geti, wote walisoma naye. Hao hao ndo walimwonjesha bangi akiwa na 15, na hao hao wakamwachisha, hadithi ndefu.

*Kujipanga.* Alisoma huku redio inalia, anatumwa dukani katikati ya hesabu, anarudi anaendelea. Ukimpa kazi ndani ya kelele ataimaliza. Akiwa peke yake kwa utulivu anasinzia.

*Lugha.* Anaongea na kila mtu kwa lugha ya mtu huyo. Katika hili ametushinda mbali.

*Wazazi.* Aliwaona wakigombana, akaona baba akikosa karo, akaona wakipatana. Anawajua kama watu. Dada anawajua kama wageni wa heshima, mimi nawajua kama walimu. Deni lake ni kuondoka. Usiku wa kwanza kulala nje ya Nakuru bila ndugu alikuwa na miaka 24, na kazi nzuri ya Mombasa aliikataa kwa sababu ambazo mpaka leo hazieleweki.

*Inamfaa nani.* Karibu mtoto yeyote, kama shule ya karibu ni nzuri kiasi na kuna mtu nyumbani atakayefungua daftari dakika ishirini jioni. Hizo dakika ishirini ndo zilikosekana kwetu.

Pesa

Kutwa ya serikali ndo nafuu, ule mgao wa serikali wa sekondari wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka uliowekwa 2018 ulikusudiwa kufuta karo ya masomo, ingawa mzazi yeyote atakuambia kuna chakula, kuna sare, kuna "maendeleo". Bweni unalipa karo na sanduku lenyewe, godoro, nauli, pesa ya matumizi. Nyumbani watu wanadhani ni bure. Weka mshahara wa anayeacha kazi, vitabu vya nje, ada ya mtihani (IGCSE inalipwa kwa kila somo), maabara ya kukodi, mtandao. Kwetu ndo ilikuwa njia ghali kuliko zote na hatukujua mpaka baadaye.

Sasa ukiwa umekwama

Kabla sijasema, jua hili juu ya sisi washauri. Watoto wa dada wote ni wa kutwa. Kijana ameshaanza kutafutia mwanawe bweni na mtoto mwenyewe ana miaka minne. Mimi binti yangu yuko gredi 3, kutwa, na ana marafiki wengi mpaka natishika. Kila mtu anakimbia deni lake, kwa hivyo ukisikia mtu anakusukuma upande mmoja muulize yeye alisoma wapi. Hata zile takwimu za Marekani zinazosifu waliosomea nyumbani, nyingi zilitoka kwa familia zilizojitolea zenyewe kujibu, na anayejitolea kawaida ni yule mambo yalimnyookea.

Mtoto ni mgonjwa ama anapigwa na wenzake kila siku: mtoe, mlete nyumbani, lakini weka muda, mwaka mmoja mkakae tena. Shida yetu ilikuwa pumu, na pumu ilitulia nikiwa na miaka kumi na moja. Hakuna aliyekumbuka kuuliza kama naweza kurudi.

Nyote wawili mnafanya kazi mpaka usiku: usijaribu nyumbani, na usikimbilie bweni kwa mtoto wa miaka minane. Tafuta kutwa na mtu wa jioni, hata mwanafunzi wa chuo anayehitaji pesa kidogo.

Shule za karibu ni mbovu kweli na mtoto anaingia sekondari: bweni, mkague pamoja, yeye mwenyewe aongee na wanafunzi mbali na walimu.

Mnahama kila mwaka kwa kazi, jeshi, umishonari, biashara ya mpakani: nyumbani kuna mantiki sana, chukua mtaala mmoja unaosafiri na usiubadilishe kila nchi.

Uko Tanzania na kijana ameshapitwa na shule: kuna mtihani wa QT wa NECTA, baraza la mitihani la huko, akifaulu anaweza kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo si lazima sare.

Na kama mmeshaamua nyumbani na hamgeuki: timu moja ya mpira ama kwaya ambayo mama hayumo, tangu mwaka wa kwanza, na asiruhusiwe kuacha kwa sababu ametaniwa. Kiswahili kila siku asubuhi, kisingoje Ijumaa. Faili ya kila kitu alichofanya, yenye tarehe. Na mkitaka sayansi, nendeni shule moja ya jirani mkaongee na mwalimu wa maabara akiwa bado na miaka kumi na mbili, mlipie Jumamosi moja kwa mwezi, ashike bureti.